Ini la Papa, Ini la Panya

Ukifika Matondoni, kisiwani Lamu, wakati jahazi limepandishwa pwani kutengenezwa, harufu hukupokea kabla ya fundi. Ni sifa, mafuta ya ini la papa. Maini hukatwakatwa, yakatiwa debeni na kuachwa juani mpaka yayeyuke. Mafuta yake hupakwa mbao zisipasuke kwa jua wala zisinywe maji. Mkono ulioshika sifa hunuka siku nzima, hata uoshwe kwa sabuni.

Debe hilo limejaa vitamini A. Wazee walioipaka sifa hawakuwa na jina hilo, na wanasayansi nao hawakuwa nalo hadi karne ya 20. Mwaka 1913, huko Wisconsin, Marekani, McCollum na Davis waligundua kwamba panya wakikosa kitu fulani kilichomo katika siagi na kiini cha yai, hudumaa. Miaka kumi na miwili tu baadaye, Takahashi na wenzake wa Japani waliwazidishia panya kitu hicho hicho, na panya wakadhoofika.

Mwaka 1943 watafiti Rodahl na Moore waliwalisha panya ini la dubu wa Aktiki, ambalo wawindaji wa huko walilikwepa tangu zamani. Watafiti hao wakaonyesha kuwa sumu ya ini hilo ni vitamini A.

Vitamini C ikizidi, hutoka kwa mkojo. A haitoki upesi hivyo. Ini huiweka akiba, pamoja na mafuta, ndani ya seli maalumu. Ghala likifurika, seli hizo hubadilika na kuanza kutengeneza makovu. Ini hukakamaa na kazi yake ya kusafisha damu huzorota. Hayo yameonekana kwa wanyama wa maabara, na kwa watu waliomeza vidonge vingi kwa miaka.

Huenda Kenya ina kisa cha kale zaidi cha vitamini A kuzidi. Mwaka 1973, Koobi Fora, yalipatikana mabaki ya mwanamke wa kale aliyepewa namba 1808, mifupa yake imeota tabaka lisilo la kawaida. Mwaka 1982 Alan Walker na wenzake walipendekeza kuwa alikula maini ya wanyama wala nyama kupita kiasi. Wataalamu wengine wamelipinga hilo, na kwangu mimi mjadala bado u wazi.

Hata hivyo, mtoto anayekosa vitamini A huweza kupofuka, kwa hiyo matone ya kliniki yasikosekane: kila miezi sita, tangu miezi 6 hadi miaka 5. Mama, nenda na kitabu cha mtoto, nesi aione tarehe ya mwisho kabla hajakata kidonge chenye matone hayo. Na usimwongezee vya dukani bila kumuuliza.