Ukikosa zabuni, sheria yakupa siku ngapi?

Wakandarasi wadogo wa hapa pwani huniuliza sheria ya ununuzi wa umma yawafaa nini. Mimi huipima kwa jambo moja: aliyekosa zabuni ana mlango gani wa kulalamika, na uko wazi kwa muda gani? Nimelinganisha nchi nne.

Kenya: Kifungu cha 227 cha Katiba ya 2010 chataka ununuzi wa umma uwe wa haki, usawa, uwazi, ushindani na gharama nafuu. Sheria ya 2015 yailazimu idara kuwaandikia waliokosa na kuwapa sababu. Mkataba hautiwi saini kabla ya siku 14 kupita. Ndani ya siku hizo waweza kuomba mapitio kwa Bodi ya Mapitio ya Ununuzi wa Umma. Zabuni husimama, na Bodi ina siku 21 kuamua. Asiyeridhika ana siku 14 za kwenda Mahakama Kuu.

Tanzania: Mlalamikaji huanza kwa afisa masuuli wa taasisi ile ile iliyotangaza zabuni. Asiporidhika, ndipo huenda kwenye Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma.

Afrika Kusini: Kifungu cha 217 cha Katiba ya 1996 kina misingi mitano kama yetu. Lakini kwa miaka mingi njia kuu imekuwa mahakama, kwa kikomo cha siku 180. Muda ni mrefu, ila kesi haisimamishi kazi yenyewe mpaka mahakama itoe zuio. Waweza kushinda kesi na barabara imeshajengwa. Sheria iliyotiwa saini 2024 imeweka baraza maalumu la rufani.

Uingereza: Sheria iliyoanza kutumika Februari 2025 huzuia saini kwa siku 8 za kazi. Kesi ikifunguliwa katika siku hizo, mkataba husimama. Bodi kama yetu haipo. Ni Mahakama Kuu moja kwa moja.

Kwa maoni yangu, mlango wetu ni mzuri, ila hufungwa mapema. Siku 14 huhesabiwa tangu upewe taarifa, si tangu upate wakili. Barua ya kukataliwa ikifika, andika tarehe uliyoipokea, soma sababu, na kama hazipo, zidai kwa maandishi siku hiyo hiyo. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.