Jina Lisiloeleza Kitu: Leach na Vimelea vya Samaki, 1818
Mwaka 1818 mtaalamu wa wanyama Mwingereza, William Elford Leach, aliainisha isopodi, jamaa za kaa na kamba, wakiwemo wanaofyonza damu ya samaki. Nerocila, Anilocra na Rocinela, ambaye spishi zake nyingi huishi vilindini, ni herufi za Caroline au Carolina zilizopangwa upya. Umbo na makazi hayamo. Katika Livoneca, v imekaa mahali pa r. Waliofuata waliandika Lironeca, lakini tahajia ya kwanza, pamoja na kosa lake, ndiyo inayotambuliwa leo.

Sisi waundaji wa istilahi hudai jina lieleze dhana. Tukisema “chawa wa samaki” tutaeleweka upesi, ila tutakuwa tumemhamishia mnyama huyu kwa wadudu. Mimi ningeandika nerosila.