Ubora wa Huduma za Afya ni Kinga ya Uchumi wa Taifa

Hasara ambayo mlipuko wa ugonjwa huusababishia uchumi wa nchi haitokani na ukali wa kirusi pekee, bali pia na hali ya mfumo wa afya uliokuwapo kabla ya mgonjwa wa kwanza kubainika. Mlipuko wa Ebola wa mwaka 2014 hadi 2016 katika Afrika Magharibi unathibitisha jambo hilo.

Nchini Guinea, Liberia na Sierra Leone, watu zaidi ya 28,000 waliugua na zaidi ya 11,000 kufariki dunia. Benki ya Dunia ilikadiria kuwa nchi hizo zilipoteza dola za Marekani bilioni 2.8 za Pato la Taifa. Sehemu kubwa ya hasara ilitokana na hofu: mashirika ya ndege yalisitisha safari, mipaka ikafungwa, masoko na shule zikasimama. Mapato ya Serikali yalishuka wakati ambapo matumizi yalipaswa kuongezeka.

Hospitali za nchi hizo zilikuwa na uhaba wa madaktari na vifaa kinga. Watumishi wa afya zaidi ya 500 walifariki, na wajawazito pamoja na wagonjwa wa malaria wakaogopa kwenda kutibiwa.

Hali ilikuwa tofauti nchini Nigeria. Julai 2014, msafiri aliyeambukizwa aliwasili Lagos, jiji lenye mamilioni ya wakazi. Dkt. Ameyo Adadevoh na wenzake walikataa kumruhusu kutoka hospitalini. Daktari huyo baadaye alifariki kwa ugonjwa huohuo. Kituo cha dharura kilichoundwa kupambana na polio kilibadilishiwa kazi, na watu karibu 900 waliotangamana na wagonjwa wakafuatiliwa. Wagonjwa hawakuzidi 20, na Oktoba 20, 2014 Nigeria ilitangazwa kuwa huru dhidi ya Ebola.

Tanzania nayo ilitangaza mlipuko wa Marburg mkoani Kagera Machi 21, 2023. Watu 9 waliugua na 6 kati yao kufariki, lakini ugonjwa ulidhibitiwa na kutangazwa kumalizika Juni 2.

Hivyo, fedha zinazotengwa kwa ajili ya maabara, mafunzo ya watumishi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii hulinda pia soko, shamba na mapato ya nchi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.