Ukavu wa nywele za kipilipili

Ukavu wa nywele za kipilipili ni hali ya nywele kuwa ngumu, zenye kukwaruza, zisizong'aa na nyepesi kukatika, mara nyingi pamoja na kichwa kuwasha au kutoa magamba. Huwasumbua zaidi watu wenye asili ya Afrika wanaofuga nywele zao bila dawa ya kulainisha, ingawa wanaoweka dawa nao hawasalimiki. Ndani yake mna matatizo mawili yenye vyanzo tofauti: ukavu wa unywele wenyewe, na maradhi ya ngozi ya kichwa. Wengi huyatibu yote kwa kopo moja la mafuta, ndiyo maana mtu hupaka mwaka mzima bila kupata nafuu.

Unywele ulivyo

Unywele uliokwisha kutoka nje ya ngozi hauna uhai. Umejengwa kwa protini iitwayo keratini, na juu yake umefunikwa na magamba membamba yaliyolaliana kama vigae vya paa. Magamba yakilala, unywele huteleza. Yakiinuka, hunasana na wa jirani, hufunga fundo na kukatika. Kwa kuwa hauna damu wala neva, hakuna vitamini ya kupaka inayoweza kuulisha, hata lebo ya chupa iseme nini. Kinachowezekana ni kuulainisha, kuupunguzia msuguano na kuulinda usivunjike.

Unywele wa kipilipili huota kutoka kwenye kitundu kilichopinda, na ukikatwa na kutazamwa kwa darubini huonekana bapa, si mviringo kamili. Mafuta ya asili yanayotolewa na tezi za ngozi ya kichwa, yaani sebamu, hushuka kwa urahisi kwenye unywele ulionyooka, lakini hukwama katika mizunguko ya kipilipili. Hivyo shina laweza kuwa na mafuta tele huku ncha zikiwa kavu kabisa. Tena kila unywele unapojikunja pana udhaifu, na hapo ndipo unapokatikia chanuo linapopita.

Mwaka 2000 daktari wa ngozi kutoka Afrika Kusini, Nonhlanhla Khumalo, na wenzake walichapisha uchunguzi wa darubini juu ya nywele za Waafrika zisizowekwa dawa. Walikuta mafundo na ncha zilizovunjika kwa wingi kuliko kwenye nywele za Wazungu na Waasia. Matokeo hayo yanajibu lalamiko linalosikika kila siku saluni, kwamba "nywele zangu hazikui". Zinakua, ingawa polepole kidogo, chini ya sentimita 1 kwa mwezi. Ila zinakatika nchani kwa kasi ileile zinayoota nayo shinani, na mwenyewe huona urefu umesimama palepale.

Maji na sabuni

Sehemu kubwa ya ukavu huanzia bafuni. Unywele na ngozi ya kichwa vina tindikali kidogo: pH ya ngozi huwa karibu 5.5, na ya unywele iko chini zaidi. Sabuni ya mche, ambayo katika nyumba nyingi hufua nguo na kuosha kichwa, ina pH ya 9 hadi 10. Sabuni kali namna hiyo huondoa mafuta yote na kuinua magamba ya unywele. Ikikutana na maji ya kisima yenye chumvichumvi, kama yanayotumika sehemu nyingi za Dar es Salaam na Dodoma, huungana na madini ya kalisi na magnesi na kuacha utando mweupe mzito usiosuuzika. Nywele zilizooshwa hivyo hukauka zikiwa kama zimepakwa chokaa. Anayeweza kukinga maji ya mvua kwa ajili ya suuzo la mwisho ana bahati, maana hayana madini hayo.

Shampuu laini ni bora kuliko sabuni, lakini kuosha mara nyingi mno nako hukausha. Akademia ya Madaktari wa Ngozi ya Marekani hushauri nywele za Waafrika zioshwe mara moja kwa wiki au kila baada ya wiki mbili, shampuu ikielekezwa kwenye ngozi ya kichwa badala ya kusuguliwa hadi nchani. Baada yake ni lazima kondishena. Hii si anasa ya saluni: unywele uliochakaa una chaji hasi, na viambato vya kondishena vina chaji chanya, kwa hiyo hujibandika hasa pale palipoharibika na kulaza magamba. Ndiyo nafasi nzuri pia ya kuchana. Nywele za kipilipili zisichanwe zikiwa kavu. Zigawanywe mafungu, zijazwe kondishena, kisha chanuo lenye meno mapana lianze nchani na kupanda taratibu kuelekea shinani. Anayeanzia shinani husukuma mafundo yote chini na kuyakaza.

Mayai na mtindi, vinavyopakwa majumbani, hulainisha juujuu kwa sababu ya mafuta yaliyomo. Protini ya yai ni kubwa mno kuingia ndani ya unywele, na madai kwamba hujenga upya nywele zilizoharibika hayana msingi.

Mafuta

Mafuta si maji. Kazi yake ni kuziba, na yakipakwa kwenye nywele kavu huziba ukavu uleule. Kwa hiyo kwanza nywele zinyunyiziwe maji au zipakwe kondishena isiyosuuzwa, ndipo mafuta yafuate, na krimu nzito kwa anayehitaji. Gliserini, inayouzwa kwa bei nafuu karibu kila duka la dawa, huvuta maji kutoka hewani. Hufanya kazi nzuri katika hewa ya unyevu ya pwani, na katika ukame wa bara hufaidisha kidogo isipofunikwa kwa mafuta.

Mafuta hayalingani. Mwaka 2003 watafiti wa India, Rele na Mohile, walilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale ya madini yanayotokana na petroli. Ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza wazi upotevu wa protini ya unywele, kwa kuwa molekuli za asidi yake ya lauri ni ndogo na nyoofu kiasi cha kupenya ndani. Faida hiyo hupatikana hata yakipakwa kabla ya kuosha, na pengine ndiyo matumizi yake bora. Wanawake wa pwani wameyapika tangu zamani: nazi hukunwa kwa mbuzi, tui zito hukamuliwa na kuchemshwa kwa moto mdogo hadi maji yaishe, mashapo yageuke kahawia chini ya sufuria, na mafuta yajitenge juu. Mafuta ya nyonyo ni mazito na hayapenyi vile, ila huziba vizuri nchani. Siagi ya shea, inayotoka kaskazini mwa Uganda miongoni mwa sehemu nyingine, hufanya kazi kama hiyo. Mafuta ya mgando nayo huziba kwa nguvu, lakini hunasa vumbi.

Usiku mto wa pamba hunyonya mafuta na kusugua nywele. Kofia au kitambaa cha satini huzuia yote mawili.

Misuko

Kusuka ni kinga, mradi msuko usikazwe. Ncha hufichwa na chanuo hupumzika. Lakini msuko unaoumiza, unaovuta ngozi ya paji la uso au kuotesha vipele vidogo kwenye mistari unang'oa nywele. Katika utafiti wa Khumalo na wenzake wa mwaka 2007 huko Cape Town, karibu theluthi moja ya wanawake walikuwa na upara wa kuvutwa, ambao kwa kawaida huanzia pembeni mwa kichwa. Nywele za pembeni zilizong'olewa kwa miaka mingi haziwezi kurudi. Msusi akiambiwa "unanivuta" hana budi kulegeza, na mteja asione haya kusema.

Siku ya kufumua huwatisha wengi. Mtu hudondosha nywele 50 hadi 100 kwa siku, na zikiwa ndani ya msuko kwa wiki 6 hubaki humo humo, zaidi ya 2,000, hadi uzi wa mwisho ufumuliwe. Bonge linalobaki mkononi si dalili ya ugonjwa. Zitazamwe moja moja: zenye kidoti cheupe mwishoni zimedondoka kwa zamu yake, fupi, zisizo na kidoti, zimekatika, na hizo ndizo za kuhesabiwa kama ukavu.

Ngozi ya kichwa

Katika historia ya vipodozi vya watu weusi, tatizo la ngozi lilitangulia. Madam C. J. Walker, mfanyabiashara Mmarekani mweusi wa bidhaa za nywele, aliyezaliwa Louisiana mwaka 1867 na kufariki mwaka 1919, alianza biashara yake kutokana na maradhi ya kichwa yaliyomfanya apoteze nywele, na dawa yake ilikuwa na salfa, ambayo hadi leo hutumika dhidi ya mba.

Mba hudhaniwa kuwa ni ukavu kwa sababu hutoa magamba, ilhali mara nyingi ni kinyume chake. Husababishwa kwa sehemu na kuvu aina ya Malassezia, wanaoishi kwenye kila kichwa na kujilisha mafuta. Anayeona magamba ya manjano yenye kunata, muwasho, na pengine madoa meupe kwenye nyusi, kando ya pua au nyuma ya masikio, akizidisha mafuta kichwani anawalisha. Tiba ni shampuu yenye ketokonazoli, seleni salfaidi au zinki pirithioni, iachwe kichwani dakika 5 kabla ya kusuuza, mara moja kwa wiki. Kwa kuwa baadhi yake hukausha nywele, ielekezwe kwenye ngozi na ifuatiwe na kondishena nchani.

Kwa watoto, mabaka ya magamba yenye nywele zilizokatika usawa wa ngozi, pamoja na matezi kuvimba shingoni, ni dalili za mapunye. Hayo hayatibiki kwa mafuta wala kwa krimu, kwani kuvu wake wamo ndani ya shina la unywele. Mtoto hupewa na daktari dawa ya kumeza, kama griseofulvini, kwa wiki kadhaa. Ndugu wanaolala naye wachunguzwe pia, na chanuo, kofia na mashine ya kunyolea anavyotumia visitumiwe na mwingine hadi apone.