Wanawake Watano na Elimu ya Binti wa Afrika

Habari za wafalme, majemadari na wapigania uhuru tunazo tele katika vitabu vyetu vya historia. Habari za wanawake wenye madaraka waliokutana ili binti asome, mama asife katika uzazi na mtoto wake apate kukua, hutajwa kwa mstari mmoja, kisha ukurasa hufunuliwa. Insha hii yataka kukaa kidogo katika mstari huo.

Katika mwaka wa 1992 wanawake watano waliokuwa na dhamana katika wizara za elimu za nchi zao waliunda jumuiya ijulikanayo kwa jina la FAWE, yaani Baraza la Wanawake Waelimishaji wa Afrika. Walikuwa Fay Chung wa Zimbabwe, Simone de Comarmond wa Shelisheli, Paulette Missambo wa Gabon, Alice Tiendrebéogo wa Burkina Faso na Vida Yeboah wa Ghana. Makao yao makuu yakawa Nairobi, na mtendaji mkuu wa kwanza akawa Dkt. Eddah Gachukia, mwanamke aliyepata kufundisha fasihi katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Hawakuwa na lugha moja, wala hawakutawaliwa na mkoloni mmoja. Kilichowakutanisha ni hesabu za madaftari ya shule. Katika miaka ya 1980 serikali nyingi za Afrika zilikuwa zimerudisha karo kwa shuruti za wakopeshaji, na nyumba yenye fedha ya mtoto mmoja aghalabu ilimpeleka mwana wa kiume.

Msomaji aweza kuuliza, mawaziri wa elimu wana nini na habari za uzazi? Jibu lilikwisha kutolewa kabla yao. Mwaka wa 1979 mwanazuoni wa Australia, John Caldwell, alichapisha uchunguzi wake uliotoka Nigeria ya kusini magharibi, akaonyesha kwamba watoto wa mama aliyesoma walifariki kwa uchache kuliko watoto wa mama asiyesoma, na kwamba tofauti hiyo haikuelezeka kwa mali ya baba peke yake. Siri, kwa maoni yake, ilikuwa katika mamlaka. Mtoto akishikwa na homa usiku, mama aliyesoma hangojei shauri la wakwe wala ruhusa ya mume aliye safarini. Humbeba mtoto akaenda hospitali, na huko husema na mganga bila ya kuinamisha uso. Nathubutu kuongeza kwamba shule ina faida nyingine iliyo wazi zaidi: binti aliye darasani hajaolewa bado, na mwili wake hupata miaka ya kukomaa kabla ya kubeba mimba.

Walakini amri za mawaziri hazimfikii msichana aliyezoea kunyamaza. Hapa ndipo Kiswahili kilipoingia katika historia hii, tena kwa mlango wa sanaa. Mwaka wa 1996 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Mlama na Amandina Lihamba, walianzisha katika shule za sekondari mpango ulioitwa Tuseme. Wasichana huchunguza wenyewe mambo yanayowazuia masomoni, huyatungia mchezo wenye ngoma na nyimbo, kisha huucheza mbele ya walimu, wazazi na wanafunzi wenzao. Mchezo ukiisha, mjadala huanza. Fikiri, msomaji, ushujaa wa binti wa kidato cha pili anayeigiza habari ya mwalimu asiye na haya, na walimu wameketi safu ya mbele! FAWE iliupokea mpango huo, ukaenea Kenya, Rwanda na kwingineko pamoja na jina lake la Kiswahili, na Mlama mwenyewe akaja kuwa mtendaji mkuu wa jumuiya.

Lililosemwa katika michezo ile halikukosa kugusa mimba za wanafunzi. Kenya ilitoa mwongozo wa kumrudisha shuleni mama mdogo mwaka wa 1994. Zambia ilifuata mwaka wa 1997, na tawi la FAWE huko lilikuwa miongoni mwa waliolisukuma jambo hilo. Tanzania Bara, nchi iliyozaa Tuseme, ilikawia. Kanuni za mwaka wa 2002 ziliruhusu kumfukuza mwanafunzi kwa kosa la maadili, na Juni 2017 Rais John Magufuli alitamka hadharani kwamba aliyezaa hatarudi shuleni. Katazo hilo liliondolewa na waziri wa elimu, Profesa Joyce Ndalichako, tarehe 24 Novemba 2021. Tangu Kenya kutoa mwongozo wake miaka 27 ilikuwa imepita, na mimi siwezi kuiandika tarakimu hiyo bila uchungu.

Uchunguzi wa taifa wa mwaka wa 2022 ulikadiria kwamba Tanzania hufa mama 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka wa 2015 na 2016 ulikuwa umekadiria 556. Si haki kuipa shule sifa yote, kwa maana wakunga, damu na vyumba vya upasuaji vina sehemu yao kubwa. Lakini uchunguzi huo huo ulionyesha kwamba kati ya wasichana wa miaka 15 hadi 19, 22 kwa kila 100 walikuwa wamekwisha kuzaa au kushika mimba.

Kila mwaka nasomesha Nguzo Mama, tamthilia ya mwandishi yule yule aliyetuletea Tuseme, iliyotoka mwaka wa 1982, ambamo wanawake wa kijiji cha Patata hujaribu kuisimamisha nguzo wasiweze. Wanafunzi wangu wengi hucheka wanapogombana wale akina mama. Mwaka mmoja mwanafunzi wa nyuma kabisa hakucheka. Baada ya kipindi alinijia akaniambia kwamba alifukuzwa kidato cha tatu akiwa na mimba, akafanya mtihani akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, na ada ya mtihani ilitoka katika maandazi aliyouza mama yake. Mtoto alikuwa na miaka sita, anaishi na bibi yake kijijini, amekwisha kuanza darasa la kwanza. Ni msichana.