Nyoka Aliyepewa Jina la Mlima Wetu

Mlima Rungwe una nyoka wake. Wanasayansi wanamwita Atheris rungweensis, na jina hilo lilichapishwa New York mwaka 1940. Ni ndugu wa kifutu, ila huyu hakai chini akisubiri kukanyagwa. Anapanda vichakani. Rangi yake ni kijani, mara nyingi na manjano kidogo, magamba yana mikwaruzo, kichwa kipana, shingo nyembamba. Kwa kawaida urefu wake ni kama nusu mita tu. Ukikutana naye pale msitu unapopakana na shamba, iwe huku kwetu Suma au kwingineko Rungwe, hakuna atakayekutajia jina la Kilatini. Utaambiwa: achana naye.

Mimi kazi yangu ni uandishi wa habari, na jina linaloanzia kwetu na kuishia kwenye vitabu vya wengine hunifanya niulize maswali. Huyu nyoka alifikaje New York? Na alipofika, sisi tulirudishiwa nini?

Tuanze na safari yake. Arthur Loveridge alikuwa Mwingereza aliyekuja Nairobi mwaka 1914 kufanya kazi kwenye jumba la makumbusho. Vita ya Kwanza ya Dunia ikamkuta huku, akapigana, kisha akafanya kazi kwenye idara ya wanyamapori ya Tanganyika. Mwaka 1924 akaenda Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kusimamia mkusanyiko wa mijusi, nyoka na vyura. Mwaka 1929 alirudi Tanganyika, na msafara wake ukazunguka nyanda za juu za kusini magharibi mpaka 1930, Rungwe ikiwemo. Wanyama waliokamatwa walihifadhiwa kwenye chupa za spiriti, wakasafirishwa, na ripoti ikatoka mwaka 1933.

Baadaye Charles Bogert, wa jumba la makumbusho la New York, aliona kwamba nyoka wa Rungwe hawafanani kabisa na Atheris nitschei, ambaye Mjerumani Gustav Tornier alishampa jina mwaka 1902. Akawapa jina la mlima wetu, kwanza kama tawi la spishi ile. Watafiti wa baadaye wakamtambua kuwa spishi kamili.

Linganisha na kipunji, yule nyani aliyetangazwa duniani mwaka 2005 kutoka mlima huu huu. Yeye alitangazwa kwa jina ambalo Wanyakyusa walikuwa wakimwita siku zote. Nyoka alipewa jina la mahali, si la watu. Lakini jina si shida yangu kubwa. Shida yangu ni sumu.

Kiswahili kina neno moja, sumu, kwa uyoga mbaya na kwa nyoka. Ila ni vitu viwili. Sumu ya uyoga hukudhuru ukiila. Ya nyoka inatakiwa iingizwe mwilini kwa jeraha, na nyoka amebeba vifaa vya kazi hiyo: tezi nyuma ya macho na meno marefu yenye tundu ndani, kama sindano. Kwanza kabisa ni silaha ya kuwinda. Nyoka wa vichakani wa jamii hii hujikunja kwenye tawi na kusubiri, hasa usiku. Chakula chake ni chura, mjusi, panya mdogo. Akishamng'ata hamwachii, maana windo likianguka chini ya kichaka limepotea. Sumu ya jamii hii huvuruga kuganda kwa damu. Ya koboko hupiga mishipa ya fahamu, windo likapooza.

Kujilinda ni matumizi ya pili. Kutengeneza sumu kunagharimu mwili wa nyoka, ndiyo maana wakati mwingine hung'ata mtu bila kutoa hata tone. Swila anayetema ndiye ameigeuza sumu kuwa silaha ya kujilinda waziwazi, kwa sababu hakuna windo linalokamatwa kwa kutemewa machoni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kuwa tabia ya kutema ilizuka mara tatu, kila mara peke yake, katika swila na jamaa zao, na kila mara sumu ilibadilika ikawa kali zaidi kwa maumivu. Lengo ni adui akimbie, asisahau.

Sasa fikiria mchuma chai wa Rungwe. Kazi yake ni kupitisha mikono juu ya vichaka siku nzima, bila kuona kilichomo ndani. Akiguswa na nyoka wa vichakani, kwa nyoka huyo mkono ule ni adui tu. Kuumwa na jamii ya Atheris kunaweza kuleta uvimbe na kutoka damu isiyoganda, na vifo vimewahi kuripotiwa. Na mpaka leo hakuna dawa ya kuzuia sumu iliyotengenezwa mahususi kwa jamii hiyo. Zaidi ya miaka 80 ya kuwa na jina, bila dawa.

Kwa nini umahususi ni muhimu? Mwaka 1894 Mfaransa Albert Calmette alionyesha kwamba mnyama akichomwa sumu kidogo kidogo, damu yake hutengeneza kinga, na maji ya damu hiyo yanaweza kumtibu aliyeumwa. Yeye alitumia zaidi sumu ya swila wa Asia, akaamini dawa moja ingefaa kwa nyoka wengi. Daktari wa Brazili, Vital Brazil, alimpinga kwa majaribio: dawa ya swila wa Asia haikuwasaidia wagonjwa wa nyoka wa kwao. Kila kundi la nyoka linataka dawa inayotokana na sumu yake.

Kinachonigusa zaidi ni alichofanya baada ya hapo. Katika taasisi ya Butantan, São Paulo, iliyoanzishwa mwaka 1901, aliweka utaratibu wa kubadilishana. Mkulima alikamata nyoka, akamtia kwenye sanduku la mbao, akamtuma kwa treni. Naye akarudishiwa dawa ya kuzuia sumu. Nyoka aende, dawa irudi.

Nchini kwetu nyoka wengi walikwenda. C.J.P. Ionides, afisa wanyamapori wa kusini aliyefariki mwaka 1968, alikamata maelfu ya nyoka maeneo ya Liwale na Newala, na wengi walisafirishwa wakiwa hai kwenda nje. Sisemi alikuwa mwizi, wala Loveridge. Bila wao tusingejua mengi. Nasema tu barabara ile ilikuwa ya kwenda zaidi kuliko kurudi.

Na bado tunategemea ya nje. Mwaka 2014 kampuni ya Sanofi iliacha kutengeneza Fav-Afrique, dawa iliyotegemewa dhidi ya nyoka kadhaa wa Afrika. Shehena ya mwisho iliisha muda mwaka 2016. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika. Linakadiria kuwa watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani. Wengi wanaoumwa ni wakulima, wachungaji na watoto wa vijijini. Mteja maskini hana mvuto kwa kiwanda.

Wakati huohuo, kaptopril, kidonge cha shinikizo la damu, chanzo chake ni utafiti wa sumu ya nyoka wa Brazili, jararaka, iliyochunguzwa na Sérgio Ferreira. Sumu inayoshusha shinikizo la damu la windo ikawafundisha watu kutibu shinikizo. Hakuna anayeweza kusema kuna nini ndani ya sumu ya nyoka wa Rungwe mpaka ichunguzwe kwa kina.

Kwa leo, tuliyonayo ni haya: usichanje, usifunge kwa nguvu, usitegemee jiwe jeusi, vua pete, tulia, wahi hospitali. Ni ushauri mzuri, lakini unamfikisha mgonjwa mlangoni tu. Kinachomsubiri ndani kinategemea kama kuna mtu aliwahi kuona kwamba nyoka wa mlima huu, na wachuma chai wake, wanastahili sanduku lao la kurudi.