Musumba: jina moja, miji mingi

Bandugu, hapa kwetu Sandoa ukisema Musumba, kila mtu anawaza Kapanga, kwa Mwant Yav. Lakini zamani Musumba haikuwa jina la udongo. Ilikuwa mji wa mfalme wa Balunda: mfalme mpya alijenga musumba yake, ile ya zamani ikaachwa. Ile Mjerumani Paul Pogge alifikia mwaka 1875 ni moja tu kati ya nyingi. Hata ku Luapula, Zambia, mji wa Mwata Kazembe unaitwa musumba, sababu ufalme wake ulitoka kwa Mwant Yav. Kwa hiyo mtu akidai shamba eti "hapa palikuwa Musumba", mi namuuliza kwanza: ya mfalme gani? Na nyuma yake, nani alilima hapo?